Bandari ya Kigoma

Bandari ya Kigoma ni bandari ya Tanzania iliyopo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika mji wa Kigoma, makao makuu ya Mkoa wa Kigoma. Ni mahali ambapo Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam inafika ziwani. Kwa sababu hiyo mji wenyewe hujulikana pia kama "mwisho wa reli". Kutoka hapa meli na boti huenda Bujumbura nchini Burundi, Kalemie na Uvira katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Mpulungu nchini Zambia na vijiji vingi vya Tanzania vilivyopo kando ya ziwa.

Bandari ilianzishwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikachukua nafasi ya Ujiji iliyokuwa mji mkubwa wa biashara ziwani katika karne ya 19. Tangu hapo imekuwa kituo cha manowari, mlango wa shehena za Kongo na Burundi, njia ya wapigania uhuru na mahali pa kupokea wakimbizi. Wenye mamlaka juu yake wamebadilika mara kadhaa, na kila mmoja aliitaka kwa sababu ya nchi zilizopo ng'ambo. Kwa watu wa mwambao, hata hivyo, umuhimu wake umekuwa uleule: pasipo meli, vijiji vingi vya ziwa vimekaa mbali na soko, hospitali na serikali.

Mahali na umbile

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa wastani wa kilomita 50. Lina kina cha mita 1,470, hivyo ni ziwa lenye kina kikubwa kuliko yote barani Afrika na la pili duniani baada ya Ziwa Baikal nchini Urusi. Uso wake upo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nchi nne zinapakana nalo: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya kingo zake ni milima inayoshuka majini kwa ghafla. Mahali penye nafasi ya mji, njia ya kwenda bara na maji yenye kina karibu na nchi kavu ni pachache. Kigoma ina vyote vitatu. Ghuba yake imezungukwa na vilima vinavyokinga upepo, hasa upepo wa kusi unaovuma wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, na kuinua mawimbi makubwa ziwani.

Ujiji, kilomita chache upande wa kusini, haina ghuba ya namna hiyo. Ufuko wake ni wazi na maji yake ni mafupi. Leo Ujiji na Kigoma ni sehemu za mji mmoja, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambayo ilikuwa na wakazi 232,388 katika sensa ya mwaka 2022.

Ujiji kabla ya Kigoma

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walifika ziwani kwa kufuata njia ya misafara iliyopita Tabora. Walikuta nchi ya Wajiji, kundi lenye uhusiano wa karibu na Waha, pamoja na biashara ya zamani ya chumvi ya Uvinza, samaki, mafuta ya mawese na vyakula. Wageni waliongeza nguo, shanga na bunduki, wakatafuta pembe za ndovu na watumwa. Safari kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,000 na ilichukua miezi kadhaa kwa miguu. Katika soko la Ujiji shanga zilitumika kama fedha.

Wazungu wa kwanza wanaojulikana kufika hapo walikuwa Waingereza Richard Burton na John Speke, mwezi Februari 1858. Hawakupata chombo kikubwa cha kuwapeleka kaskazini mwa ziwa, wakalazimika kutumia mitumbwi. David Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869. Mwishoni mwa mwaka 1871 alikutwa hapo na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, na wote wawili wakasafiri kwa mtumbwi hadi mwisho wa kaskazini wa ziwa, ambako walithibitisha kwamba Mto Ruzizi unaingia ziwani na hautoki humo. Mahali panapotajwa kuwa walikutana pana mnara wa kumbukumbu na makumbusho.

Katika miaka hiyo mtu mwenye nguvu zaidi mjini alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani ambaye alitambuliwa na Sultani Barghash wa Zanzibar kama mwakilishi wake. Baada ya kifo chake mwaka 1885, nafasi ya kwanza ilishikwa na Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na mapadre wa White Fathers mwaka uliofuata.

Biashara ya Ujiji ilivuka ziwa hadi Maniema, katika Kongo ya leo. Watu wengi waliletwa kutoka huko wakiwa watumwa. Wengine walikuja kama wapagazi, askari au wafanyabiashara. Njia ileile ilikipeleka Kiswahili upande wa magharibi, na Ujiji ni mojawapo ya milango ambayo lugha hiyo ilipitia kuingia Kongo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara ya watumwa na pembe, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Ziwa lenyewe lilichangia kudhoofika kwa Ujiji. Hadi miaka ya 1870 mto pekee unaotoa maji ziwani, yaani Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na majani, na maji yalikuwa yakipanda. Mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika. Katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ulishuka kwa takriban mita 10, na pale ambapo nchi ni tambarare, ufuko ulisogea mbali. Ndiyo sababu mnara wa Livingstone, uliokuwa karibu na maji katika siku zake, leo upo mbali kidogo na ziwa.

Kufika kwa reli

Wajerumani walianzisha kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896. Mwaka 1900 walikuwa na meli ya mvuke ziwani, Hedwig von Wissmann. Lengo lao lilikuwa kuivuta biashara ya Kongo ya mashariki, pamoja na Rwanda na Burundi zilizokuwa chini yao, ielekee Dar es Salaam badala ya mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914. Urefu wake wote ni takriban kilomita 1,250. Safari iliyokuwa ikichukua miezi kwa miguu ikawa ya siku chache. Wahandisi hawakuipeleka reli Ujiji kwa sababu meli kubwa zisingeweza kusogea karibu na nchi kavu pale. Waliipeleka kwenye ghuba ya Kigoma. Kwa uamuzi huo Ujiji, iliyokuwa mji mkubwa kwa vizazi viwili au vitatu, ikawa kitongoji cha bandari mpya.

Jengo la stesheni ya Kigoma lilijengwa na Wajerumani na bado linatumika. Jengo lingine la wakati huo ni nyumba kubwa ya serikali ambayo wenyeji wanaiita nyumba ya Kaisari. Husimuliwa kwamba ilikusudiwa kwa ziara ya Kaisari Wilhelm II, ambaye hakufika kamwe.

Vita ya ziwani, 1914–1916

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza miezi sita tu baada ya reli kufika. Upande wa mashariki wa ziwa ulikuwa wa Ujerumani, upande wa magharibi wa Ubelgiji, na kusini walikuwepo Waingereza. Aliyetawala maji aliweza kupeleka askari wake mahali popote ufukoni kwa usiku mmoja. Tarehe 22 Agosti 1914 meli Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune karibu na mdomo wa Lukuga. Tangu hapo Wajerumani walitawala ziwa lote wakiwa na kituo chao Kigoma.

Wakati huohuo meli kubwa zaidi ilikuwa ikiundwa bandarini. Graf von Götzen, yenye urefu wa takriban mita 71, ilikuwa imejengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam na kuendelea kwa reli. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja pamoja nayo kusimamia kazi ya kuiunganisha, kazi iliyofanywa kwa mikono ya mamia ya vibarua Waafrika. Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 na kuanza safari zake katikati ya mwaka huo. Iliweza kubeba mamia ya askari kwa mara moja. Baadaye iliwekewa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915.

Waingereza walijibu kwa njia isiyo ya kawaida. Walileta boti mbili za mota zenye urefu wa takriban mita 12, zilizoitwa Mimi na Toutou, chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson. Boti zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kwa reli hadi kusini mwa Kongo, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, kisha zikashuka Mto Lualaba na kupandishwa tena kwenye reli. Mamia ya Waafrika walikata miti, walijenga madaraja na kuchota maji ya matrekta njiani. Zilifika karibu na ziwa mwishoni mwa Oktoba 1915.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani Kingani, ambayo Waingereza waliitengeneza na kuipa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig von Wissmann. Graf von Götzen haikushambuliwa na boti za Spicer-Simson, ingawa mzinga wake mkubwa ulikuja kuondolewa kwa matumizi ya vita ya nchi kavu na mahali pake pakawekwa mzinga wa bandia wa mbao, jambo ambalo maadui hawakulijua.

Mwezi Juni 1916 ndege za Kibelgiji zinazotua majini zilianza kuipiga Kigoma mabomu. Wakati huo jeshi la Wabelgiji lilikuwa likisonga mbele kutoka kaskazini. Wajerumani waliona hawawezi kuushika mji. Mafundi wa Papenburg walizipaka mashine za Graf von Götzen grisi nzito ili zisiharibike, na tarehe 26 Julai 1916 meli ikazamishwa na wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, kusini mwa Ujiji. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Vita hii ya ziwani ilikuwa mojawapo ya vyanzo vya riwaya The African Queen ya C. S. Forester, iliyotolewa mwaka 1935 na kufanywa filamu mwaka 1951.

Gati la Wabelgiji

Ubelgiji ilishika Kigoma na Ujiji hadi mwaka 1921. Katika mapatano ya mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Rwanda na Burundi zibaki kwa Ubelgiji, na Kigoma irudi upande wa Tanganyika chini ya Uingereza. Badala yake Ubelgiji ilipewa njia ya kufikia Bahari Hindi. Mkataba uliotiwa saini tarehe 15 Machi 1921 uliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari katika Kigoma na Dar es Salaam, bila mwisho, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Shehena za Kongo, Rwanda na Burundi ziliruhusiwa kupita bila ushuru wa forodha.

Kwa njia hiyo bandari ya Kigoma ilikuwa na wenyewe wawili kwa miaka 40. Upande mmoja ulikuwa wa reli ya Tanganyika, na upande mwingine Wabelgiji walikuwa na gati na maghala yao. Shaba ya Katanga ililetwa kwa reli hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, ikavushwa ziwa na kupakiwa kwenye mabehewa ya kwenda Dar es Salaam. Kahawa ya Burundi ilikuja kwa meli kutoka Usumbura, yaani Bujumbura. Vitu vya viwandani, saruji na mafuta vilirudi kwa njia hiyohiyo.

Wakati Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961, jambo hilo likawa suala la enzi ya taifa. Julius Nyerere, aliyekuwa waziri mkuu, aliliambia bunge mwezi Novemba 1961 kwamba serikali huru haitajiona imefungwa na ukodishaji usio na mwisho. Hoja yake ilikuwa kwamba Uingereza ilikuwa mdhamini tu wa Tanganyika. Haikuwa na haki ya kugawa milele sehemu ya nchi ambayo yenyewe iliishika kwa muda. Wakati huohuo hakukusudia kuzifungia nchi jirani njia ya bahari. Msimamo huu unatajwa hadi leo katika vitabu vya sheria ya kimataifa vinapojadili jinsi nchi mpya zinavyoweza kukataa mikataba ya wakoloni.

Meli ya Liemba

Graf von Götzen haikukaa chini ya maji. Wabelgiji waliiopoa na kuivuta hadi Kigoma, lakini ikazama tena bandarini. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa mara ya pili. Grisi ya mafundi ilikuwa imefanya kazi yake: mashine zilikuwa bado nzima kiasi cha kutengenezeka. Mwezi Mei 1927 meli ilianza tena safari kwa jina la Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli.

Kwa miongo mingi Liemba ilitoka Kigoma kwenda Mpulungu nchini Zambia na kurudi. Njiani ilisimama katika vijiji vingi, k.m. Lagosa, Karema, Kipili na Kasanga. Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli ilipiga honi na kutia nanga mbali kidogo, kisha boti za kijiji ziliisogelea zikiwa na abiria, magunia ya dagaa, mananasi, mahindi na mchele. Watu na mizigo walipandishwa na kushushwa ubavuni, mara nyingi usiku. Kwa vijiji hivyo ratiba ya meli ilikuwa ndiyo ratiba ya soko.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ilisimama bandarini Kigoma ikihitaji matengenezo makubwa. Meli nyingine ya abiria, Mwongozo, nayo ilisimama kwa miaka mingi. Pengo hilo limejazwa na boti za mbao zenye injini, ambazo hubeba abiria na mizigo pamoja na ziko hatarini zaidi wakati wa upepo mkali.

Njia ya wapiganaji na ya wakimbizi

Baada ya uhuru Kigoma ikawa mji wa mpakani katika miaka ya misukosuko upande wa pili wa maji. Mwezi Aprili 1965 Ernesto "Che" Guevara na Wakuba wenzake wa kwanza walipita hapa kutoka Dar es Salaam, wakavuka ziwa usiku kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao na rais wa Kongo miaka 32 baadaye, alikuwa na kituo chake Kigoma. Guevara alilalamika katika kumbukumbu zake kwamba viongozi walikaa mno mijini badala ya kuwa vitani. Mwezi Novemba mwaka uleule Wakuba walivuka kurudi Kigoma baada ya kushindwa.

Waliovuka kwa wingi zaidi hawakuwa wapiganaji. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, vita iliyoanza huko mwaka 1993 na vita ya Kongo tangu mwaka 1996 vilileta maelfu ya watu kwa mitumbwi na boti. Kambi kubwa zilifunguliwa mkoani Kigoma, zikiwemo Lugufu, Mtabila na Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa Mobutu, Liemba ilitumika kuwarudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo.

Mwezi Mei 2015 ghasia za kisiasa za Burundi zilisababisha makumi ya maelfu ya watu kukimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu kabisa na mpaka. Kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, na njia ya kukifikia kwa gari haikuwepo. Maji safi na vyoo havikutosha, na kipindupindu kilizuka. Liemba ilikwenda na kurudi kati ya Kagunga na Kigoma ikibeba takriban watu 600 kila safari. Walioshuka bandarini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kusafirishwa kwa mabasi hadi Nyarugusu. Meli iliyowahi kupeleka askari vitani ilikuwa ikiwatoa watu kwenye ghasia karne moja baada ya kushushwa majini.

Uvuvi na biashara

Samaki wa ziwa wanaouzwa zaidi ni dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa usiku. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga na kuzungushiwa nyavu. Kwa hiyo usiku wenye mbalamwezi huwa wa mapumziko. Asubuhi dagaa huanikwa kwenye mchanga au kwenye vichanja. Mialo ya Kibirizi na Katonga ni miongoni mwa sehemu kubwa za kupokelea samaki katika manispaa. Kibirizi pia ni kituo cha boti za abiria za kwenda vijiji vya kaskazini na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe mwaka 1960.

Dagaa waliokaushwa wa Kigoma husafirishwa hadi Dar es Salaam na nchi jirani. Hata hivyo samaki wamepungua. Wavuvi wameongezeka, nyavu zenye macho madogo hukamata samaki wachanga, na ongezeko la joto la maji hupunguza mchanganyiko wa tabaka za ziwa ambao huleta chakula cha samaki juu. Kutoka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kufuatana na makubaliano ya nchi nne za ziwa. Hatua hiyo ilikusudiwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, lakini kwa familia zinazoishi kwa kipato cha kila siku ilikuwa miezi mitatu bila kazi yao ya kawaida.

Watu

Wakazi wa mji ni mchanganyiko ulioletwa na ziwa na reli. Waha ndio wengi mkoani. Ujiji ina Wajiji, Wamanyema, Wabwari, Wagoma na Wabembe, wengi wao wakiwa na asili ya ng'ambo ya ziwa, pamoja na wazao wa Waarabu. Reli ilileta watu kutoka mikoa mingine pamoja na wafanyabiashara Wahindi. Kiswahili kimekuwa lugha ya mji tangu wakati wa misafara. Uislamu una mizizi mirefu Ujiji, ambako tarika ya Qadiriyya ilipata wafuasi wengi. Watu wenye ndugu Uvira, Kalemie na Bujumbura ni wa kawaida, na harusi au msiba upande mmoja huwavusha watu wa upande mwingine.

Hali ya sasa

Bandari inasimamiwa na Mamlaka ya Bandari Tanzania (TPA). Ina magati ya shehena na ya abiria, kreni, maghala, na njia za reli zinazofika hadi kwenye gati. Shehena kubwa ni bidhaa za kwenda Burundi na Kongo, hasa saruji, mafuta na vyakula. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina kikosi cha wanamaji Kigoma kwa ajili ya ulinzi wa mpaka wa ziwani.

Bandari imekabiliwa na matatizo mawili ya muda mrefu. La kwanza ni reli: treni chache na mabehewa machache yalifanya mizigo mingi ya Burundi ihamie barabarani, ambako malori hupita bila kugusa ziwa. Barabara za lami na Daraja la Kikwete juu ya Mto Malagarasi zimeutoa mkoa kwenye hali ya kutengwa, lakini zimeiongezea bandari ushindani. La pili ni upungufu wa meli. Mwezi Desemba 2022 mkataba wa kujenga reli ya kisasa yenye urefu wa kilomita 506 kati ya Tabora na Kigoma ulitiwa saini. Reli hiyo inatazamiwa kurudisha shehena ya Kongo na Burundi Kigoma. Manufaa yake kwa vijiji vya mwambao yatategemea kama kutakuwa na meli za kuendelea na safari pale reli inapoishia.